Obra Dinn, Her Story au Golden Idol: uanze na gemu ipi ya upelelezi?

Gemu nyingi zinazojiita za upelelezi hukufanyia upelelezi zenyewe, wewe ukitazama tu. Unabonyeza kila kilichomo chumbani, mhusika wako anajisemea alichogundua, mlango unafunguka, mnasonga mbele. Tatu ninazozilinganisha hapa ni za namna nyingine. Zinakuwekea ushahidi mbele yako kisha zinanyamaza, na usipoelewa leo zitakusubiri hadi kesho. Kwa kuwa zote tatu husifiwa kwa maneno yale yale, anayetaka kuanza hujikuta hajui ashike ipi.

Return of the Obra Dinn ilitoka Oktoba 2018. Mtengenezaji wake ni Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, yule yule aliyetengeneza gemu ya Papers, Please. Programu, michoro, hadithi na muziki ni kazi ya mikono yake, na ilimchukua zaidi ya miaka 4. Her Story ni ya Sam Barlow wa Uingereza, aliyeacha ajira ya studio ili atengeneze kitu chake mwenyewe. Ilitoka Juni 2015. The Case of the Golden Idol ndiyo changa kati yao. Ilitoka Oktoba 2022 na ni kazi ya ndugu wawili wa Latvia, Andrejs na Ernests Kļaviņš, chini ya jina la Color Gray Games. Her Story ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Independent Games Festival mwaka 2016, na Obra Dinn ikaitwaa mwaka 2019.

Nadhani udogo wa timu hizi una sehemu kubwa katika utamu wake. Studio yenye mamia ya wafanyakazi huogopa mchezaji akikwama ataondoka, kwa hiyo humwekea mishale, taa na sauti ya kumwongoza. Mtu mmoja aliyejifungia na wazo lake anaweza kuthubutu kumwacha mchezaji akune kichwa.

Nimetumia vigezo vinne: unapelelezaje hasa, hadithi inakushika vipi, ukikwama unafanyaje, kisha mambo ya kifaa, lugha, muda na pesa. Simtaji muuaji yeyote. Ninayoyaeleza ni kanuni za gemu na yale utakayoyaona mapema, kwani gemu hizi huchezwa mara moja tu. Ukishajua jibu huwezi kulisahau, kwa hiyo jihadhari pia na video za YouTube kabla hujacheza.

Unapelelezaje

Katika Obra Dinn unapeleleza kwa macho. Mwaka ni 1807. Meli ya biashara iliyong'oa nanga London mwaka 1802 kuelekea mashariki, ikapotea kabla ya kufika miadi yake Rasi ya Tumaini Jema, imeonekana ikielea bandarini Falmouth, Uingereza. Matanga yake yameharibika na hakuna mtu anayeonekana. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki, na unapanda melini ukiwa na kitabu pamoja na saa ya mfukoni. Kitabu kina orodha ya watu 60 waliokuwamo, michoro ya sura zao na ramani ya meli. Saa ndiyo yenye maajabu. Ukiifungua mbele ya mabaki ya mtu, kioo kinakuwa cheusi na unasikia sekunde zake za mwisho: mlango unagongwa, mtu anapaza sauti, bunduki inalia. Halafu unajikuta umesimama katikati ya nukta ile ile aliyokata roho, na kila kitu kimeganda. Moshi wa bunduki umening'inia. Vipande vya mbao viko hewani. Unaweza kuzunguka, kuusogelea uso wa mtu, kuchungulia ni nani aliyejibanza kule nyuma na ameshika nini.

Kazi yako ni kuandika, kwa kila mmoja wa wale 60, jina lake, kilichompata na aliyemfanyia. Majina hayatajwi ovyo. Mtu utamjua kwa sare, kwa lafudhi, kwa chombo alichoshika, kwa watu anaokaa nao wakati wa kula. Mabaharia wa mlingotini ndio wanaosumbua zaidi, kwani ni wengi na wamevaa karibu sawa. Msomaji aliyekulia pwani akiona majahazi yakipakia na kupakua ana pa kuanzia hapa. Anajua kwamba serehangi, yaani msimamizi wa mabaharia, hasimami pamoja na mtumishi wa nahodha, na kwamba anayeparamia foromali, ule mti unaobeba tanga, siye anayeshika usukani. Anayebahatisha hafiki mbali, kwa sababu gemu huthibitisha majibu matatu kwa pamoja. Mpaka uwe na watu watatu walio sahihi kabisa, kitabu hakisemi lolote.

Her Story unaipeleleza kwa masikio. Umekaa mbele ya kompyuta kuukuu ya polisi, na taa za dari zinaakisi kwenye kioo chake. Ndani yake kuna mahojiano ya mwaka 1994 ya mwanamke mmoja ambaye mumewe, Simon, alitoweka. Rekodi zimekatwakatwa kuwa vipande vifupi, zaidi ya 200. Maswali ya polisi hayamo, yamebaki majibu yake tu. Kuna kisanduku cha kutafutia, na neno MURDER limeshaandikwa kukusubiri. Ukiandika neno, mashine inaleta vipande ambamo mwanamke amelitamka, lakini itakuonyesha vitano vya kwanza tu. Neno likiwa la kawaida mno, vingine vyote vinabaki vimefichika.

Kanuni ni hiyo moja, na gemu nzima imesimama juu yake. Unamsikia akitaja mtu kwa kupita tu, unaliandika jina lile, na mara vipande vinavyotokea vinapindua yote uliyokuwa umeyaamini. Hakuna anayekutuma kutafuta neno fulani.

Golden Idol ni ya anayependa kupanga mantiki. Tupo karne ya 18. Kila kesi ni mandhari ya tukio lililokwisha kutokea au linalotokea sasa hivi, na watu ndani yake wanarudia mwendo mmoja mfupi bila kukoma. Kesi ya mwanzo kabisa ina wanaume wawili ukingoni mwa genge, na mmoja wao hatabaki juu. Unapekua mifuko, barua, mabegi. Kila unapokuta jina, kitu au kitendo, neno lake linaingia kwenye akiba yako. Kisha unahamia ukurasa wa kufikiri, ambako kuna maelezo yenye mapengo: nani, alifanya nini, kwa nani, kwa kutumia nini, kwa sababu gani. Ni kama ule mtihani wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, isipokuwa hapa maneno umeyaokota mwenyewe na mengine yamewekwa ili yakupoteze. Ukikaribia, gemu hukwambia kwamba makosa yaliyobaki hayazidi mawili. Ni yapi, utajijua.

Hadithi inakushika vipi

Anayetaka kumfahamu mtu kwa undani atashibishwa zaidi na Her Story. Mwigizaji ni Viva Seifert, na uzito wote uko mabegani mwake. Hana mwenzake wa kujibizana naye, hana mandhari ya kujificha ndani yake, ni uso na meza tu. Mahojiano yako kadhaa, ya siku tofauti, na nguo zake hubadilika. Hata kabla hujajua lolote unaanza kugundua kwamba leo amekaa vile, siku ile alikaa hivi. Mahali pamoja anashika gitaa na kuimba, na wimbo ule ni ushahidi pia. Kwa kuwa kila mchezaji huandika maneno yake, kuna atakayekutana na ungamo zito dakika ya kumi, na mwingine asilione hadi mwisho. Nimewaona watu wawili wakibishana kuhusu yaliyotokea, kila mmoja ana vipande vya kumuunga mkono, wala gemu haitoi hukumu. Kama hadithi isiyofungwa kwa kufuli hukuudhi, hilo lijue mapema.

Obra Dinn husimulia kwa kurudi nyuma. Unamwona mtu maiti kwanza, halafu hai, halafu zamani zaidi, akicheka na wenzake. Hakuna mazungumzo marefu, na watu wenyewe huwaoni wakitembea hata mara moja. Hata hivyo, baada ya saa kadhaa unamjua fulani kwamba ni mwoga, na yule mwingine kwamba alikuwa na rafiki mmoja tu melini. Wahudumu wanatoka Uingereza, India, China, Urusi na kwingineko, na ubaguzi wa wakati ule unauona katika nani analala wapi na nani anashukiwa kwanza. Kinachonigusa zaidi ni kwamba yote haya ni karatasi ya bima. Kampuni inataka hesabu ya hasara, na ripoti yako ndiyo itakayofuatwa katika kuamua familia ipi ilipwe na ipi idaiwe. Unapoandika jina la mtu mahali pa muuaji, mkono unasita.

Golden Idol ina hadithi ya ukoo wa Cloudsley na sanamu ya dhahabu iliyochukuliwa nchi ya mbali, ikipita mikononi mwa watu wenye tamaa kwa miaka mingi. Mwanzoni utadhani kesi hazihusiani. Halafu sura uliyoiona pembeni katika kesi ya pili inarudi ikiwa imezeeka na ina cheo, nawe unarudi mbio kuitazama kesi ile ya zamani. Wahusika wamechorwa kwa ubaya wa makusudi, meno na mapua. Sikumlilia yeyote kati yao, wala sidhani watengenezaji walikusudia tulie. Utamu wake ni wa kuona uchafu wa siasa na mali ukiunganika kipande kwa kipande, na wa kukumbuka kwamba sanamu yenyewe ilikuwa na wenyewe kabla mabwana hawa hawajaanza kuuana kwa ajili yake.

Mchezaji anayetaka hadithi ya polisi tupu, bila miujiza, afahamu kwamba Obra Dinn na Golden Idol zote zina mambo yasiyo ya kawaida ndani yake. Her Story haina saa ya maajabu wala sanamu yenye nguvu.

Ukikwama

Golden Idol ndiyo inayokupa mkono. Ina vidokezo vyake ndani, na kwa kuwa kila kesi imejitenga, unajua kwamba jibu liko humo humo machoni pako. Ukiweka simu chini na kulitazama upya kila pengo, mara nyingi linafunguka.

Obra Dinn haina vidokezo vya aina hiyo, ila ina heshima yake. Sura ya mtu kwenye kitabu hubaki na ukungu mpaka utakapokuwa umeona ya kutosha kumtambua. Sura ikishaonekana vizuri, ujue jibu lipo tayari, ni wewe hujaliona. Kuna pia alama zinazoonyesha nani ni mwepesi na nani ni mgumu kumtambua. Ushauri wangu kwa anayeanza: pita matukio yote kwanza bila kujilazimisha kujaza majina, uwe na daftari la karatasi pembeni, kisha anza na wale wenye kazi za kuonekana. Mpishi, daktari na seremala watakupa watatu wa mwanzo, na wale watatu wakishathibitishwa utapata nguvu ya kuendelea.

Katika Her Story huwezi kukwama kwa maana ya mlango uliofungwa. Unachoweza ni kupotea, ukaandika maneno kumi yasiyoleta kitu. Tatizo jingine ni kwamba hujui lini umemaliza. Itafika mahali utaulizwa kama umeelewa, na kukubali au kuendelea kuchimba ni juu yako.

Kifaa, lugha, muda na pesa

Hapa ndipo wasomaji wetu wengi huamulia, kwani gemu ya Afrika Mashariki kwa kiasi kikubwa ni gemu ya simu. Obra Dinn haina toleo la simu. Inachezwa kwenye kompyuta, na tangu Oktoba 2019 kwenye PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Her Story ilitoka kwa kompyuta na vifaa vya Apple siku moja, kisha Android mwaka 2016. Kwa kuwa ni ya zamani kidogo, hakikisha dukani kwamba inakubali simu yako kabla ya kulipa. Golden Idol ipo kwenye kompyuta na konsoli. Iliwahi pia kuwekwa kwenye simu kupitia Netflix, lakini gemu za Netflix huja na kuondoka, kwa hiyo usijiunge kwa ajili yake kabla ya kuangalia kama bado ipo. Jambo la kushukuru ni kwamba zote tatu huchezwa na mtu mmoja na hazihitaji bando unapocheza. Ukishapakua, hata mtandao ukikatika unaendelea.

Lugha ni suala zito kuliko linavyoonekana. Hakuna hata moja yenye Kiswahili. Obra Dinn na Golden Idol zina Kifaransa, jambo la maana kwa walio Kongo na Burundi. Her Story ni Kiingereza, na hapo si cha kusoma tu. Unatakiwa kukisia ni neno gani Mwingereza wa mwaka 1994 angelitumia akizungumza juu ya ndoa, nyumba, wazazi na ugomvi. Aliyejifunza Kiingereza cha darasani na ofisini anaweza kuwa na akili kali ya upelelezi na bado akapitwa na kipande kwa sababu ya neno la jikoni. Maandishi ya chini yapo, yawashe, kisha okota maneno kutoka mdomoni mwake badala ya kuyatafuta kichwani mwako. Kwa Obra Dinn, lugha inayohitajika ni ndogo. Mazungumzo ni mafupi, na kitabu kinakupa orodha ya vitendo vya kuchagua. Golden Idol ina barua na matangazo mengi ya kusoma, ila unasoma kwa mwendo wako, kamusi mkononi ukitaka.

Kwa muda, Her Story huisha kwa saa 2 au 3. Golden Idol ni kama saa 6 hadi 9, na unaweza kucheza kesi moja ukalala. Obra Dinn ni karibu saa 8 hadi 10, nayo haipendi kuachwa wiki nzima, kwani utarudi umesahau nani alikuwa amesimama wapi.

Bei ya kawaida ya Obra Dinn kwenye duka la Steam ni karibu dola 20, Golden Idol iko chini kidogo ya hapo, na Her Story ni chini ya dola 10. Zote hupunguzwa bei mara kwa mara, hivyo asiye na haraka aziweke kwenye orodha yake asubiri. Hakuna inayodai kompyuta ya bei mbaya. Obra Dinn yenyewe imechorwa kwa rangi mbili tu, kufuata kompyuta za zamani za Macintosh, ingawa picha hizo za nukta nukta huchosha macho ya baadhi ya watu, hasa wanaopata kizunguzungu kwenye gemu za kutazama kupitia macho ya mhusika.

Kwa hali yako

Una simu tu, au una jioni moja: anza kwa kuangalia Her Story. Hiyo hiyo inamfaa mtu asiyecheza gemu kabisa, mwenye kupenda tamthilia na kusoma nyuso za watu, kwa sababu hakuna vitufe vya kujifunza. Icheze ukiwa na mwenzi au rafiki, mmoja anaandika maneno na mwingine anashika kalamu. Mbele ya watoto, hapana, mazungumzo yake ni ya watu wazima.

Unapenda mafumbo ya magazetini, una nusu saa nusu saa baada ya kazi, au hujawahi kucheza gemu ya aina hii na unaogopa kukata tamaa: Golden Idol. Ugumu wake hupanda polepole. Ukiipenda, kuna kesi za nyongeza zilizotoka 2023, na Novemba 2024 ukafuata mwendelezo wake, The Rise of the Golden Idol, uliohamia miaka ya 1970.

Una kompyuta na wikiendi tulivu, unapenda kutazama kitu hadi kikueleze chenyewe, na kushindwa kwa muda hakukukasirishi: Obra Dinn. Picha zake zina vifo vya kutisha japo ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mwenye moyo mwepesi afikirie mara mbili.

Ikiwa umeshacheza Obra Dinn na unatafuta inayofanana nayo, Golden Idol ndiyo jirani wa karibu. Ndugu wale wawili hawajaficha kwamba walijifunza kwake. Aliyetoka Her Story akatamani majibu yasiyo na utata atapumua katika yoyote kati ya hizo mbili.

Na kama unachotaka hasa ni kuzungumza na watu, kuwabana kwa maswali na kusoma kwa saa nyingi, tatu hizi zitakuacha na njaa. Tazama Disco Elysium ya mwaka 2019, kutoka kundi la ZA/UM lililoanzia Estonia. Timu yake ni kubwa kuliko hizi, na maandishi yake yanapita maneno milioni moja, kwa hiyo hakikisha Kiingereza chako kimekaa sawa na una wiki kadhaa za kuipa.